Jina Aliloliitikia Binti Yangu

Wazazi wenzangu, amani iwe kwenu nyote, mliokuja na watoto mgongoni na mliowaacha nyumbani kwa kuogopa macho ya watu. Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka ishirini na miwili, na kusimama mbele ya watu ndiyo kazi yangu. Lakini leo, katika ukumbi huu wa hapa Mlandege, Iringa, nimeshika meza kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Mtanivumilia.

Sitamtaja mtu yeyote kwa jina, isipokuwa mmoja. Binti yangu anaitwa Sekela. Nalitaja kwa makusudi, kwa kuwa habari ninayowaletea ni ya jina hilo, lilivyotaka kupotea.

Nilimzaa nikiwa na miaka arobaini na mmoja. Daktari alinieleza kwa upole kwamba amezaliwa na sindromu ya Down, yaani kuna kromosomu moja ya ziada katika chembe za mwili wake; kwamba atachelewa kukaa, kutembea na kusema, lakini atakaa, atatembea na atasema. Nilimsikia. Ila nilichotoka nacho wodini hakikuwa maneno ya daktari. Kilikuwa mnong'ono wa mwanamke aliyekuja kumtazama mgonjwa wa kitanda cha pili: "Umeliona lile zezeta la mwalimu?" Mwanangu alikuwa na siku mbili duniani. Na mimi, kwa maradhi ya kazi yangu, nilisikia ngeli kabla ya tusi. Lile. Hakusema yule.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kutega sikio. Nikipita sokoni nasikiliza nyuma yangu. Dukani, muuzaji akimwambia mwenzake neno kwa Kigujarati, nashuku anamsema mwanangu, ingawa pengine alikuwa akiuliza bei ya sukari tu. Kanisani nilikaa benchi la mwisho ili tutoke kabla ya watu kusimama. Mwisho nikaacha kumtoa kabisa. Nikawa najiambia kwamba namkinga na baridi ya Iringa, na ninyi mnaijua baridi ya Iringa, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza.

Mume wangu anafanya kazi kiwandani Mgololo na hurudi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo mama yake, mkwe wangu, aliacha biashara yake ya mchele na vitunguu kule Igawa, akaja kunisaidia kulea. Ni Mnyakyusa, na Kiswahili chake ni cha barabarani na sokoni. Asubuhi ya kwanza tu aliniuliza:

"Katoto kameamka?"

Nikamjibu, "Mama, haisemwi hivyo. Mtoto ameamka."

"Haya, mwalimu. Mtoto a-me-a-mka." Akashika beseni la kuogea. "Lakini kameamka, au bado?"

Mnacheka. Mimi sikucheka. Nilisikia ka- ile kama nilivyosikia lile la wodini. Kwa miaka sita nilimsahihisha mama wa watu kila alipofungua kinywa, na yeye akazidi kukifunga.

Sekela alipofika miaka saba nilijipa moyo, nikampeleka shule ya msingi yenye kitengo cha elimu maalumu. Nilikuwa nimemfundisha kusalimia, kukaa, kushika kalamu. Mwalimu wa kitengo, dada mmoja mwenye sauti ya taratibu, aliinama akamwuliza, "Unaitwa nani?"

Binti yangu alitabasamu. Akajigusa kifua. Akasema, "Zezeta."

Ndugu zangu, alilitamka vizuri. Yeye ambaye "maziwa" humshinda.

Yule dada aliweka kalamu chini. "Mama," akaniambia, "nyumbani kuna mtu anamwita hivi?" Nikasema hapana, haiwezekani. Akasema, "Neno hili hajalisikia mara moja. Nendeni, mtafute linakotoka, kisha mrudi. Nafasi yake nitaitunza."

Njia nzima nilikuwa nimeshamhukumu mtu. Sisi nyumbani tulikuwa watatu. Mtoto hajajiita mwenyewe, mimi ni msomi na mama yake, aliyebaki ni mmoja. Nilifika, sikuketi. Nikamwambia mkwe wangu maneno ambayo sitayarudia hapa. Alinisikiliza akiwa ameshika mwiko wa ugali. Kisha akasema:

"Mama Sekela, mimi kujibizana na wewe siwezi. Wewe sikiliza nyumba yako."

Kesho yake alipanda basi la Igawa. Sekela alikaa mlangoni hadi jioni.

Sasa nifikie pale ninapoogopa. Ilikuwa siku ya nne, saa tisa mchana. Nilikuwa kwenye meza ya kulia chakula nasahihisha insha za kidato cha pili. Sekela hupenda sana saa hiyo. Kazi yake ni kupokea daftari nililolimaliza na kulipanga juu ya mengine, na akimaliza huligonga ubavuni ili likae sawa. Nikafungua daftari moja. Mwanafunzi ameanza kila sentensi kwa "kiukweli", neno nisilolivumilia. Nikalitupa mezani, nikasema kama nilivyozoea kusema: "Zezeta kabisa wewe!"

Na mwanangu akainua uso, akaitika:

"Abee, mama."

Alikuwa amenyoosha mikono, anangoja daftari. Aliitika kwa adabu, kama nilivyomfundisha: mama akiita, unaitika. Na kwa nini asiitike? Wanafunzi wangu hakuwaona. Kila alasiri, mwaka hadi mwaka, chumbani tulikuwa yeye na mimi tu. Mama anataja jina, halafu daftari linatua mbele yake. Angedhani anaitwa nani mwingine?

Nilikuwa nimetega sikio sokoni, dukani na kanisani. Kinywa changu sikuwahi kukitegea.

Jumamosi nilimbeba Sekela tukaenda Igawa. Mkwe wangu alikuwa kandokando ya barabara, anapanga mafungu ya vitunguu. Mtoto alimkimbilia, akajitupa magotini pake. Mimi nilipiga magoti palepale, malori yakipita, nikamwambia, "Mama, ni mimi."

Akasema, "Najua ni wewe. Inuka, utachafua gauni. Umekula?"

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nakusikia. Nikadhani ualimu ndivyo ulivyo."

"Mbona hukuniambia?"

Akanitazama. "Nikuambie nini, mwanangu, na wewe hata 'kameamka' unanisahihisha?"

Ndipo akanieleza ile ka- yake. Akasema kwao kitu chenye ka- ni kile unachokibeba kifuani, unachokichungulia kila saa kama bado kinapumua. Mimi nimesomea lugha chuoni. Sikujua.

Tulirudi naye Iringa. Jumatatu nikaingia darasani, nikawaomba radhi wanafunzi wangu. Nilidhani hilo ndilo gumu kuliko yote. Baada ya kipindi alinifuata msichana wa kidato cha tatu. "Mwalimu," akasema, "mimi uliniita hivyo tukiwa kidato cha kwanza, nilipokosea upatanisho wa ngeli. Mpaka leo bwenini wananiita Zeze." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka umwambie si kitu. Sikumwambia si kitu. Nilikwenda naye bwenini, nikasema mbele ya wenzake kwamba jina lile nililianzisha mimi, na kwamba nakosa usingizi kwa ajili yake. Kama wameliacha, sina hakika. Neno ukishalitoa, mwenye nalo si wewe tena.

Kumrudishia Sekela jina lake kulituchukua miezi saba. Bibi yake alimwita kwa wimbo wakati wa kuoga. Baba yake alipiga simu kila jioni kutoka Mgololo, akiuliza, "Naongea na nani?" na kusubiri kimya hata vocha ikaisha. Siku nyingine Sekela alijibu lile la zamani, na sote tukatazama chini.

Tulirudi kwa yule dada wa kitengo tukiwa watatu. "Unaitwa nani?" Akakawia. Nilifungua mdomo nimjibie, na mwalimu akaniinulia kidole: "Mama, usimsaidie." Sekela akamtazama bibi yake. Akafuta midomo kwa mkono wa sweta. Akasema, "Sekea." Herufi moja imebaki njiani. Mwalimu akaliandika lote.

Sasa yuko mwaka wa pili shuleni. Lakini sitawadanganya kwamba nimepona. Mwezi uliopita vijana walitaniana njiani kwa neno lile, na shingo ya binti yangu ikageuka. Niliwaendea, nikawaeleza bila kupaza sauti linamfanya nini. Mmoja aliomba radhi, mwingine alinicheka. Na wa kesho nitawaeleza tena.

Namshukuru mwalimu aliyetunza nafasi, na mume wangu kwa subira ya simu. Namshukuru yule msichana aliyekuwa jasiri kunizidi. Na wewe mama uliyeketi pale nyuma, ndaga fijo, asante sana kwa lugha ya kwenu. Mbele ya watu wote hawa nasema nilikukosea, na sijui kama nitaweza kulilipa kosa hilo. Funzo langu ni dogo, ndugu zangu. Tutawakemea wa nje, na tuna haki. Ila mtoto hujifunza yeye ni nani kwa sauti aliyoizoea kuliko zote.

Tukimaliza hapa kutakuwa na chai. Sekela atapita kati yenu, maana anapenda kushika watu mikono. Akikufikia, tafadhali mwulize jina lake. Atakawia. Atamtazama bibi yake, atafuta midomo. Usimjibie. Subiri.