Fundi Bomba na Moyo Uliovuja Kidogo

Jirani anasema alisikia mlio.

Jirani huyo ni fundi vioo. Duka lake na nyumba ya marehemu vimegawana ukuta mmoja, na hadithi yake ameshamsimulia kila aliyefika kutoa pole. Anasema asubuhi ile alikuwa anakata kioo cha dirisha. Akasikia "pa!" upande wa pili, kama bomba linapopasuka chini ya sinki. "Nikajua ni valvu," anasema. "Valvu ya moyo imefyatuka. Hospitali walimwambia zamani kwamba inavuja. Ikavuja, ikavuja, mwishowe ikapasuka."

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae kidogo na huyu aliyetutoka. Alikuwa fundi bomba. Mtaa mzima ulimwita Spana, wakubwa kwa wadogo, na mkewe pia akimwita hivyo akiwa amekasirika. Hili tuliseme mapema, ili hata atakayeitwa jikoni katikati ya kipindi aondoke nalo: valvu haikupasuka. Mlio ule ulikuwa wa ndoo. Binti yake aliiangusha uani, alipomwita baba yake mara ya pili na baba asiitikie.

Binti huyo ndiye mtoto wake wa pekee. Alimshikia baba yake ngazi tangu alipomaliza shule ya msingi, na ndiye aliyetuketisha sebuleni kwao akatupa habari hizi. Si msemaji sana. Anakutazama kwanza, halafu anasema.

Anasema baba yake alifanya kazi kwa sikio. Alikuwa na spana moja ndefu. Ncha moja aliigusisha ukutani, nyingine akaiweka sikioni, akafumba macho, akawanyamazisha wote waliomo ndani. Mwenye nyumba mmoja aliwahi kuchoka kusubiri.

"Fundi, umelala?"

"Ssss! Nasikia maji yako yanakukimbia. Wewe ulitaka niyakimbize na mimi?"

Alikuwa na neno lake, na binti alilisikia katika kila nyumba waliyoingia. "Hakuna kuvuja kidogo," Spana alisema. "Kuna kuvuja ambako bado hakujaonekana." Shikeni neno hilo, wasikilizaji, kwa sababu ndilo lililokaribia kumponza.

Ilianzia kwenye ngazi. Spana alikuwa anapanda kwenye tangi la maji, juu ya paa la karakana moja. Katikati akasimama. Akapapasa mifuko. "Natafuta spana," akasema. Binti alikuwa chini, ameshika ngazi, anamtazama. Spana ilikuwa mkononi mwa baba. Alikuwa anatafuta pumzi.

Presha alikuwa nayo kwa miaka. Vidonge alipewa, na akavimeza anavyojisikia: leo ndiyo, kesho hapana, keshokutwa kama mke amesimama mlangoni. Sasa zahanati ikamtuma kwenye kipimo cha ultrasaundi ya moyo, kile ambacho wengi hukiita eko.

Binti aliruhusiwa kuingia naye. Chumba kidogo, taa imefifishwa. Spana akalazwa ubavu wa kushoto, akapakwa jeli ya baridi kifuani, akaruka kama mtoto aliyemwagiwa maji. Mtaalamu akapitisha kifaa chake juu ya mbavu. Kwenye kioo cha mashine moyo ukaonekana, unafunga na kufungua. Kisha mashine ikatoa sauti: fwash, fwash, fwash. Spana akafumba macho. Binti aliujua uso ule. Baba yuko kazini.

"Hapo!" Spana akasema. "Hapo panavuja."

Mtaalamu akacheka. "Mzee, tulia. Mimi napima, daktari ndiye atakayekueleza."

Lakini Spana alikuwa ameshasikia.

Karatasi ya majibu ilitoka na maneno ya kitabibu tupu. Muuguzi mwenye huruma akaandika chini yake mambo matatu kwa Kiswahili, akampangia siku ya kumwona daktari. Tuyarudie mambo hayo matatu, maana kila kitu kiko hapo. La kwanza: valvu moja inavuja kidogo sana. La pili: ukuta wa upande wa kushoto wa moyo umenenepa. La tatu: nguvu ya kusukuma damu ni asilimia sitini.

Jioni ile Spana aliwaita mke na binti sebuleni. Akayasoma kama fundi.

"Valvu inavuja. Mmesikia? Mimi nilisema kabla hawajaandika. Sitini kwa mia, maana yake arobaini yote inapotelea njiani. Hiyo ndiyo kuvuja yenyewe. Kilichoniweka hai ni huu ukuta. Ukuta mnene! Bomba la zamani hilo, la chuma. Haya mabomba ya plastiki ya siku hizi yangeshapasuka."

"Na siku ya kumwona daktari?" mkewe akauliza.

"Nikaelezwe kuvuja? Mimi?"

"Spana," mkewe akasema, na binti akajua mama amekasirika, "wewe moyo wako uliufunga kwa tepu ipi?"

"Usipoziba ufa utajenga ukuta, mke wangu. Mimi naziba ufa."

Alivyoziba ni hivi. Aliacha kupanda ngazi. Aliacha kubeba. Maji akanywa nusu glasi, kwa kuwa bomba linalovuja hulizidishii maji. Vifaa akavipanga sakafuni, akaanza kuwagawia watu, spana ndefu akampa binti. Siku ya daktari ikaja, ikapita, yeye amekaa kwenye kiti, mkono kifuani, anasikiliza.

Binti hakubishana. Alitazama. Aliona baba anafunga kitambaa kichwani kila asubuhi, kichwa kinamgonga. Aliona pia ile pakiti ya vidonge juu ya kabati. Haipungui.

"Baba, vidonge humezi?"

"Vile vya kukojoza? Mwanangu, fikiri kifundi. Mtu anavuja, halafu unampa dawa ya kumwaga maji zaidi?"

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tazameni jambo lilivyogeuka. Spana aliogopa kilichokuwa kidogo. Akajisifia kilichokuwa kikubwa. Na dawa ya hicho kikubwa ndiyo aliyoiweka juu ya kabati. Mtu huyu hakuwa mjinga. Alikuwa anajua sana jambo moja, na kwa jambo hilo moja akapima kila kitu.

Binti alingoja mpaka simu ikaita. Mteja alikuwa analalamika: bafu linatoa maji, ni koki, ana hakika ni koki. Spana akamjibu, "Bwana wee, siwezi kutengeneza kwa maneno yako. Lazima fundi aje alione bomba kwa macho, ndipo akueleze." Akakata simu.

"Baba," binti akasema.

"Nini?"

"Na moyo wako umeuona kwa macho? Au una maneno tu, pale chini ya karatasi?"

Spana akaiweka simu mezani. Kisha akauliza viatu vyake viko wapi.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani aliyoivaa juu ya paji la uso. Hakumgombeza. Aliweka karatasi katikati ya meza na kidole kwenye mstari wa kwanza. "Hii valvu. Inarudisha damu kidogo sana. Watu wengi wazima, wenye afya, ukiwapima utakuta hivyo. Haikuui, na hapa hatuitibu. Tutaiangalia tu."

"Hakuna kuvuja kidogo," Spana akasema.

"Kwenye bomba. Moyoni kupo."

Kidole kikahamia kwenye asilimia. Moyo haumwagi damu yake yote kila unapopiga, daktari akaeleza. Hakuna moyo wa hivyo. Ukisukuma zaidi kidogo ya nusu ya ulichojaza, umefanya kazi yako. Sitini ni moyo wenye nguvu. Ile arobaini haikupotea popote, imebaki ndani ikingoja pigo linalofuata. Tulirudie hilo: sitini hapa si alama za mtihani. Sitini ni nzima.

"Basi mimi mzima," Spana akasema, akaanza kuinuka.

"Kaa, mzee. Bado huu ukuta."

Binti anasema hapo ndipo baba yake alipovua kofia.

"Moyo ni msuli," daktari akasema. "Msuli ukibebeshwa mzigo kila siku, unanenepa. Presha yako iko juu miaka yote, kwa hiyo moyo unasukuma kwa kukaza. Unanenepa, unakuwa mgumu, haufunguki vizuri kupokea damu. Ndiyo maana pumzi zinakuishia kwenye ngazi. Hiyo ndiyo sehemu ya kutisha katika karatasi hii."

Spana akaivuta karatasi karibu. Halafu akasema polepole, "Usipoziba ufa…"

"Ufa ulikuwa presha, mzee. Na ukuta umeshajengwa."

Wakarudi nyumbani. Walipofika uani alimwambia binti, "Nilikuwa nafunga tepu bomba lililo zima. Lililochoka nikaliita la chuma." Akaingia ndani. Binti akasikia glasi, maji, na pakiti ikifunguliwa.

Tangu hapo alimeza kila asubuhi, na akavidai vifaa vyake nyumba kwa nyumba. "Nilikupa nikiwa mgonjwa," aliwaambia watu. "Sasa nimepona, leta." Spana ndefu hakuidai. Kipimo cha pili kilionyesha valvu inavuja kidogo vilevile, nguvu ileile, na ukuta umepungua unene kidogo. Karatasi hiyo alitembea nayo mfukoni kama picha ya mjukuu.

Aliishi miaka mizuri. Kisha asubuhi ile ya ndoo, ilikuwa kiharusi. Madaktari waliiambia familia kwamba presha ya miaka mingi, kabla hajaanza kumeza dawa kwa mpango, ilikuwa imeshaharibu mishipa ya kichwani. Valvu haikuhusika. Tunasema tena: valvu haikuhusika.

Kwa nini tulirudie sana? Kwa sababu ya jirani.

Fundi vioo naye alikuwa amepimwa. Naye karatasi yake ina neno kuvuja. Kama ni kidogo au ni kwingi hajui, kwa kuwa hajaenda kuelezwa. Ameichomeka nyuma ya kioo kikubwa dukani, kile cha kujitazamia wateja. Spana alilijua hilo, akawa anapita kila wiki. "Jirani, twende nikusindikize. Mimi mwenyewe nilikosea yote matatu." Jirani akajibu kesho. Kesho hiyo ilikuwa bado njiani Spana alipoondoka.

Kwa mjane wake, aliyetuambia kwamba siku hizi nyumba ina ukimya wa bomba lililofungwa. Kwa binti yake. Na kwa wote aliowatengenezea maji yakafika jikoni: tunawapa pole. Mungu amlaze pema. Na wewe unayetusikiliza, kama kuna karatasi ya majibu umeikunja mahali, jiulize kama uliielewa, au uliikadiria tu kwa kazi unayoijua.

Juzi, matanga yalipoisha, binti alivuka akaingia dukani. Jirani alikuwa anamsimulia mteja habari ya ule mlio. Binti akangoja mteja aondoke.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Ile karatasi iliyo nyuma ya kioo. Itoe, twende wote. Baba alikuomba, sasa nakuomba mimi."

Jirani akachukua kitambaa. Akaanza kukifuta kile kioo, upande wa mbele, taratibu, kuanzia juu. Binti alisimama mlangoni na ile spana ndefu mkononi, na jirani bado anafuta.