Majivu Kwenye Jicho la Kinyozi

Benchi la mbele ya kibanda cha kinyozi hubeba maneno mengi kuliko wateja. Waziri, tarishi mstaafu aliyepewa jina hilo kwa namna anavyotoa matamko, hukaa upande wa kivuli. Fundi Bomba hukaa jirani na birika la kahawa, kulilinda, anasema mwenyewe. Asubuhi hiyo kinyozi alirudi kutoka hospitali, alikokwenda kutafuta miwani, akiwa na kichupa cha dawa ya matone mfukoni, akaketi katikati yao bila hata kufungua kibanda.

Akawasimulia. Kule, ubao wa herufi za kupimia macho umetundikwa mbele ya wanaosubiri, kwa hiyo kila mgonjwa huingia amekwisha kuzikariri, na wakubwa hupelekewa taarifa kwamba wananchi wanaona vizuri. Naye angefaulu, ila daktari alimulika jicho la kushoto akakuta kitu kama majivu, nyuzinyuzi laini zimetanda juu ya lenzi.

— Poda hiyo, alisema Fundi Bomba. Unayowapaka watu shingoni.

— Si poda. Jicho lenyewe ndilo linaloyatengeneza. Mambo ya uzee.

— Basi yanaziba mfereji.

Kinyozi akamtazama. Ndivyo hasa alivyoambiwa: maji ya jicho hukosa pa kutokea, presha hupanda, na mtu hupoteza kuona kuanzia pembeni, bila maumivu. Kilichopotea hakirudi. Fundi Bomba, kwa kupatia mara moja, akavimba kichwa, akashauri jicho lizibuliwe kwa kubana pua na kupuliza. Waziri akatamka kwamba chanzo ni kioo: sura zote zilizowahi kunyolewa pale zimeganda kwenye lenzi, na nyingine, kusema kweli, hazikustahili kuhifadhiwa.

Kinyozi hakucheka.

— Daktari kasema nirudi, apime kama pembeni pameshaliwa. Mimi nashika wembe kwenye shingo za watu, ndugu zangu. Ninyi nawanyoa kila wiki. Mmeona kasoro?

— Kasoro ipi, alisema Waziri, akipuliza kahawa iliyopoa zamani.

— Mkono wako ni uleule, mzee mwenzangu, alisema Fundi Bomba.

Moyo ukamtulia kinyozi kidogo. Akainuka kufungua kibanda, na papo hapo akatokea mgeni mwenye begi begani, akitaka kunyolewa. Mgeni alisimama mbele ya benchi, akamtazama huyu, akamtazama yule.

— Shikamoo, wazee. Samahani, ndio mtindo wa hapa? Mbona nyote wawili mmeachiwa ndevu chini ya sikio la kulia?

Waziri akainua kola ya shati. Kinyozi akarudi, akaishusha ile kola taratibu, akapitisha kidole chini ya sikio lililokuwa mkabala na jicho lake la kushoto, kama afanyavyo kabla ya kupaka sabuni. Ndevu zilikuwa ndefu, zimeshakuwa laini.

— Tangu lini?

Birika lilikuwa tupu, lakini Fundi Bomba aliendelea kulimimina kikombeni.