Nilimnyang'anya Mwanangu Lugha ya Mama Yake

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Asanteni kwa kuitikia kwa nguvu, maana nimeishi muda mrefu katika nyumba ambayo mtoto haitikii.

Wengi hapa Itetemia mnanifahamu. Shule niliiacha darasa la tano nikaanza kuzurura. Nimepakia tumbaku Urambo, nimerina asali Sikonge, nimelala kwenye stesheni nyingi za reli hadi Kigoma. Kila nilipofika niliuliza: hiki kinaitwaje, kile kinafanyaje kazi? Watu walinichoka! Lakini binti yangu Kabula sikuwahi kumuuliza kitu.

Shule niliiacha kwa kuchekwa. Kiswahili changu kilikuwa kimejaa Kinyamwezi, na darasa zima likaniigiza. Kwa hiyo Kabula alipozaliwa niliapa yeye hatachekwa. Nikamwambia mke wangu, "Mama Kabula, kuanzia leo humu ndani ni Kiswahili tu. Kinyamwezi kiishie mlangoni."

Ndugu zangu, nilijiona baba mwenye akili!

Siku moja Kabula alininyooshea kikombe akasema, "Minzi." Alitaka maji. Neno lake la kwanza! Sijui mama yake alimfundisha saa ngapi. Nami nikapiga meza nikafoka: "Sema maji!" Kikombe kikamdondoka. Hakulirudia neno lile, wala hakujaribu jingine. Alipofika miaka mitatu alikuwa anavuta nguo, anaonyesha kwa kidole, na tusipomwelewa anajibamiza chini kwa hasira.

Jirani akanitania, "Baba Kabula, binti yako kapewa mdomo wa kulia ugali tu?" Nilicheka naye, kisha nikaingia ndani nikalia.

Nilimbeba begani nikamleta hapa hapa mbele. Mlifunga, mkaomba, tukakemea pepo wa ububu. Kimya. Nikamlaumu Mungu!

Mwishowe tulimpeleka kliniki. Muuguzi akampima masikio, akakuta ni mazima. Akauliza, "Nyumbani nani huwa anaongea naye?" Mimi nikamtazama mke wangu. Mke wangu akainama.

"Hakuna, dada. Kiswahili changu ni cha kununulia nyanya. Cha kumbembelezea mtoto sina, na ninachokijua nimekatazwa."

Mungu wangu! Yule pepo tuliyekuwa tunamkemea ndiye aliyekuwa amembeba mtoto begani!

Muuguzi hakunigombeza. Alisema lugha mbili hazimharibu mtoto. Kinachomuumiza ni ukimya na woga. "Kaa chini, macho yako yawe usawa wa macho yake. Anachokitazama, kitaje. Kisha unyamaze umsubiri. Akikasirika, mwambie unaona amekasirika. Usimfokee."

Jioni ile nilipiga magoti mbele ya mke wangu. "Nisamehe, mayu," nikamwita mama kwa Kinyamwezi.

"Inuka, unachafua suruali," akasema, huku machozi yanamtoka. Akampakata Kabula, akaanza kumsemesha Kinyamwezi. Maneno ya miaka mitatu! Mtoto alimtazama mdomoni kama anayemwona mtu mpya.

Leo Kabula anaongea, Bwana apewe sifa! Na mama yake anaongea mpaka anaambiwa alale. Lakini nisiwafiche. Akiwa na mimi, kabla ya kusema neno hunitazama kwanza usoni, aone kama linaruhusiwa. Hapo moyo wangu hukatika. Ninakaa sakafuni, ninangoja. Mara nyingine analisema. Mara nyingine anainuka, analipeleka kwa mama yake, nami simwiti arudi. Mungu amemfungua ulimi. Woga nilimtia mimi, na unatoka polepole.

Namshukuru Mungu aliyenionyesha kosa langu mtoto akiwa bado mdogo. Wewe uliyemfokea mwanao asubuhi hii kabla ya kuja ibadani, njoo mbele tuombe pamoja. Yesu anasamehe sasa hivi, mwamini! Kisha nenda nyumbani ukakae chini na mtoto. Yeye usimharakishe.