Kijiko cha Mama Chumvi

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, mpishi mkuu wa kantini yetu anavua aproni baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwalisha washonaji wa kiwanda hiki.

Alianza kwa kuosha sufuria. Mwaka wa saba akakabidhiwa jiko, na sifa yake ikawa moja: chakula chake kilikolea. Ndipo tukambatiza Mama Chumvi, kwa mapenzi.

Kisha dada yake mkubwa, mshonaji wa meza ya tatu, akaanguka kazini. Wiki mbili alikuwa akilalamikia uchovu, kichefuchefu na maumivu ya taya. Sote tulimwambia ni kazi nyingi tu. Kumbe ulikuwa moyo. Hakurudi tena. Alikuwa na miaka hamsini na miwili.

Mama Chumvi hakumhutubia mtu. Kila mwezi alipunguza kijiko kimoja cha chumvi kwenye sufuria kubwa, akaongeza ndimu, tangawizi na kitunguu saumu. Mafuta akaanza kuyapima kwa kikombe. Vya kukaanga vikabaki Ijumaa tu. Ilipita miezi minane. Hata mimi, ninayeandika kila kitu kwenye daftari, sikushtuka.

Siri ilifichuka tarehe 9 Machi, akiwa likizo. Msaidizi wake alipika kwa kipimo cha zamani, na ukumbi mzima ukasukuma sahani. Shangazi wa ghala akamuuliza, "Mwanangu, unatupikia au unakausha samaki?" Mama Chumvi aliporudi alicheka mpaka akashika meza, ndipo akatueleza yote.

Hapo akamleta muuguzi kutupima presha kantini. Wanawake kumi na wanne presha yao ilikuwa juu, na wanne kati yetu hatukuwa na habari. Ndiyo, nami nilikuwemo. Leo nameza dawa zangu, na baada ya chakula tunazunguka ghala kwa dakika kumi. Wanaume walituita gwaride la wake wenza. Siku hizi nao wamo, tena mbele.

Tangu mwaka ule hatujambeba mshonaji mwingine aliyeanguka kazini.

Jana alimkabidhi msaidizi wake kijiko kile cha chumvi chenye mpini uliopinda, akamkumbusha: vijiko sita, si kumi na vinne.

Asante, dada yetu. Tunakutakia siku nyingi zenye afya na vicheko. Ukipita huku, ingia jikoni uonje. Utakuta ni sita.