Fundi Jemadari na Vita Asivyopigana

Ndugu, majirani na mafundi wenzake, baba yetu tunayemsindikiza leo wengi mlimjua kama Fundi Jemadari. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyuma ya stesheni, mtoto wa kwanza wa dereva wa treni. Miaka mitatu baadaye akazaliwa mdogo wake wa pekee, ambaye sisi watoto tunamwita Baba Mdogo.

Alisoma shule ya reli, kisha sekondari hadi kidato cha nne, mwaka 1970. Somo lake lilikuwa historia. Mwalimu akifundisha mikataba, yeye aliuliza nani alishinda, na alishindaje.

Mwaka 1973 ndugu hao wawili walikwenda pamoja kuomba kujiunga na jeshi. Daktari alimtazama marehemu nyayo, akasema, "Bapa. Rudi nyumbani." Baba Mdogo akachukuliwa. Marehemu alijifunza cherehani, na hadi alipostaafu mwaka 2008 alishona sare za askari.

Jina la Jemadari alilipata karakanani, katika ubishi wa askari gani wa kale walikuwa bora. "Wasparta wa Ugiriki ya kale walikuwa wanaume, sikatai, lakini walikuwa wachache mno," alisema, pini mdomoni. "Mpe Mmongolia farasi na upinde, uone!" Mkata vitambaa alikuwa upande wa Wazulu: "Hao wako wakishushwa farasini wanabaki na nini?" Kazi ilisimama mpaka msimamizi aje juu.

Mama yetu, muuguzi, alikwenda pale kupunguziwa gauni, akaulizwa kati ya Warumi na Wazulu nani zaidi. Akajibu, "Atakayenipa gauni langu leo ndiye shujaa." Walioana tarehe 4 Agosti 1979.

Mwaka 1981 Baba Mdogo alirudi kutoka vitani. Alikuwa karakanani akipimwa suruali mtu alipouliza, "Fundi, na askari wa leo je?" Marehemu akacheka. "Hao? Wanabonyeza tu. Wamongolia wangewamaliza kabla chai haijapoa." Watu wakaangua kicheko. Baba Mdogo alisema taratibu, "Kaka, tulikwenda tisa. Nimerudi mimi. Nyinyi endeleeni kupanga nani bora." Akatoka, na hakukanyaga tena pale.

Ulimi hauna mfupa, lakini ulimvunja baba yetu. Tangu siku ile hakubishana tena. Mama alimhimiza, "Nenda kamwambie mdogo wako." Alikwenda mara nyingi. Wakazungumza habari za mvua na watoto, akarudi na ombi la msamaha moyoni. "Wiki ijayo," alimwambia mama. Wiki ijayo hiyo ilimaliza miaka thelathini na minane.

Mwaka 2019 kiharusi kilimpooza upande wa kulia na kumnyang'anya sauti. Baba Mdogo alianza kuja kila alasiri kumnyoa ndevu. Siku moja, wembe mkononi, akaanza mwenyewe kusimulia habari za wale wanane. Mmoja hakujua kulenga shabaha, lakini ndiye aliyerudi kubeba majeruhi, akarudi tena, asionekane. Mwingine aliogopa giza, na akafia kwenye zamu yake bila kuiacha. Marehemu alimshika mkono. Midomo ilihangaika, neno halikutoka. Aliyekuwa na maswali ya vita vyote vya dunia hakuweza kuuliza hata moja. Alilia hadi povu la sabuni likamchirizika shingoni.

Alifariki katika hospitali ya wilaya asubuhi ya tarehe 14 Juni 2021, mama akiwa pembeni yake.

Juzi, tulipokuwa tukiandika haya, Baba Mdogo alisema, "Nilimsamehe mwaka uleule wa themanini na moja. Nilikuwa nangoja aanze yeye."

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na mdogo wake. Sasa apumzike, na amani iwe yake.