Fundi Tope na Saini ya Kuazima

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Fundi Tope na yeye akaitika bila kinyongo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Mama yake alijizalisha mwenyewe, maana aliyetumwa kumwita mkunga mwenzake alikuta mlango umefungwa. "Huyu nilimpokea kwa mikono yangu," alikuwa akijisifu, "asije akanisumbua ukubwani."

Alimaliza shule ya msingi, sekondari akaishia kidato cha pili. Hakufukuzwa, tusidanganyane, kukaa dawatini kulimshinda. Mwaka 1979 aliingia chuo cha ufundi, akatoka na cheti cha ufundi bomba.

Jumatatu tarehe 3 Septemba 1984 aliajiriwa kwenye mtambo wa kusafisha maji taka. Siku hiyohiyo aliajiriwa kijana mwingine. Walikula sahani moja, wakavaa buti za namba ileile, hata kicheko chao kikafanana, hivyo yule mwenzake akabandikwa jina la Pacha. Hapa ataitwa hivyo hivyo, kwa sababu marehemu alikataza asitajwe jina.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea. Msimamizi wa bwana harusi alikuwa Pacha.

Mwaka 2006 mtambo ulipata tangi jipya. Maji machafu yanaingia, bakteria wanakula uchafu, hewa inapulizwa toka chini wasife. Halafu maji yanafyonzwa kwenye utando, mirija myembamba kama tambi, yenye vitundu ambamo bakteria hawapiti. Maji yanatoka maangavu, walaji wanabaki kazini. Marehemu aliwaita "wanangu wa tangini". Kila asubuhi alichota tope kwenye chupa ya kioo akalinusa, maana tope lenye afya linanuka udongo uliolowa mvua. Siku moja alikuja na chupa hiyo nyumbani.

"Baba Tope, hiyo kitu ikikaa karibu na sufuria zangu, mimi na wewe hatujuani!"

"Nusa kwanza, mama."

Mkewe akanusa. "Mh! Kweli, kama shamba." Chupa ikapewa dirisha lake.

Sasa lile lililomuumiza. Anayeosha utando kwa klorini anavaa glavu ndefu, na kitabu cha zamu kinatakiwa kisainiwe palepale. Ndiyo maana wale wawili walizoea: mwenye mikono mikavu anaweka saini yake kwa niaba ya aliyelowa. "Nisainie, mikono ina dawa." Miaka minane walisainiana hivyo, hawakuwahi kuulizana mara mbili.

Alhamisi tarehe 11 Septemba 2014, saa nne asubuhi, aliyeosha alikuwa Pacha. Aliyesaini alikuwa marehemu. Pacha alisahau kufunga koki, klorini ikarudi kwenye tangi. Kufika alasiri bakteria wote wamekufa, povu limejaa, harufu ya yai viza mtambo mzima. Kwa siku tisa mto ulipokea uchafu, na siku hizo zote tisa marehemu alisomba mapipa ya tope hai kutoka mtambo mwingine, akapanda upya.

Kisha kamati ya nidhamu ikakaa.

"Aliosha mwenzangu, mimi nilimsainia tu," marehemu alisema. "Muulizeni, si huyo hapo?"

Pacha alitazama buti zake. "Mimi sina la kuongeza. Kitabu kinajieleza."

"Pacha, nitazame."

Hakumtazama. Marehemu akaachishwa kazi baada ya miaka thelathini, na mwaka uliofuata Pacha akawa mkuu wa mtambo.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2020. Alipowekwa kwenye mashine ya kusafisha damu alimuuliza muuguzi, "Dada, huu utando wenu anauosha nani?"

"Hatuoshi, mzee. Tunatupa, tunaweka mpya."

"Afadhali. Hapa hakuna kusainiana." Akacheka peke yake.

Kila Jumamosi aliuliza, "Hajapita?" Nyumbani hakuna aliyeuliza nani. Pacha anakaa mtaa wa pili. Hakupita hata mara moja.

Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 2 Februari 2023, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka 61. Siku mbili kabla alimwambia mkewe, "Msimtaje. Ila kilichotokea kisomwe."

Kimesomwa.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu sita na dada mmoja. Ameacha pia wale wa tangini, uzao wa tope alilopanda kwa mikono yake, ambao mpaka saa hii wanafanya kazi.

Fundi Tope apumzike kwa amani, zamu yake ameimaliza.

Baada ya hapa mkuu wa mtambo atatoa neno la kutoka kazini. Kitabu cha rambirambi kiko mezani karibu na jeneza, kalamu ipo. Leo mikono ni mikavu. Kila mtu asaini mwenyewe.