Uso Uliotoka Bluu

Nashukuru kupewa nafasi hii, ndugu zangu. Mimi si muntu wa maneno mengi. Wengi humu mnanijua kama yule kijana anayechora sura za watu kwa kidole, kwenye simu iliyopasuka pembeni.

Hakuna aliyenifundisha. Nilianza na vitenge vya bamaman, akina mama wanaovuka kutoka Bukavu, kisha taa za wavuvi wa sambaza, vidagaa vya ziwa letu, kule kisiwani Nkombo. Naweka rangi za giza kwanza, napanda polepole kuelekea mwanga, macho nayachora mwisho. Nilikuwa na furaha ya kusahau hata kula.

Kisha Maman mmoja, sitamtaja, akaniita. Mume wake alikuwa amefariki, na picha zote za familia zilipotea walipohama kutoka Kongo. Alitaka sura ya marehemu iwepo siku ya kumaliza matanga. Akanieleza pua, nywele, kovu la kidevuni. Nikichora anasema, "Hapana, mashavu yake haikukuwa vile." Nikafuta, nikachora tena, mpaka akaacha kunisahihisha, akalia. Nikajua nimempata.

Sasa sikieni. Macho yalikuwa yananiuma, nikawasha ile rangi ya njano ya skrini inayopumzisha macho, nikaisahau. Nikipaka ngozi naiona ya njano mno, naongeza bluu. Bado njano, naongeza tena. Kwenye simu mzee alipendeza kweli! Nikaipeleka kwa wachapaji pale Kamembe, waichape kwenye kitambaa kikubwa, wakanipa kimekunjwa vizuri, wala sikukifungua.

Siku ya matanga tulikifungua mbele ya watu wote. Mzee alikuwa bluu. Shangazi wa marehemu akapiga kelele: "Yesu! Juu ya nini umetuletea maiti?" Maman akavua kitenge chake cha mabegani, akafunika ile picha.

Aibu ilinimaliza. Nikazima simu, nikashuka bonde la Bugarama kubeba magunia ya mpunga. Nilijiambia sitachora tena, na nilimaanisha.

Mchana mmoja, pale tunapoanika mpunga, namwona Maman anakuja na binti yake. Nilitaka kukimbia, nawaambia ukweli.

"Kaa, mutoto wangu," akasema. "Macho ni yake kabisa. Rangi tu njo ilikataa. Washa simu."

Nikaifungua ile picha. Akashika mkono wa binti yake, akauweka kando ya skrini, juani. "Angalia. Ngozi ya baba yake njo hii."

Nikatazama mkono, nikatazama skrini, ndipo nikaiona ile njano. Nikaizima. Mzee akageuka bluu palepale mbele yetu, na sisi watatu tukacheka mpaka machozi. Nikakaa chini, nikaanza kurekebisha, mkono wa binti ukiwa pembeni. Nilihisi kama nimetuliwa magunia yote ya Bugarama.

Siku hizi kila uso naupima juani, kando ya mkono wa ndugu wa damu, na nachapa kipande kidogo kwanza. Asante, Maman, najua umekaa humu. Asante binti kwa mkono wako. Nanyi mnaonisikia, kazi yenu ikiwaaibisha, msiitupe kabla hamjaitoa nje mkaitazama juani pamoja na mtu anayewapenda.

Picha nzuri iko sebuleni kwa Maman. Ile ya bluu niliomba niichome, akakataa. Ameitundika chumbani kwake. Anasema, "Hii ni ya ile siku alikuwa na malaria. Hata siku ile nilimupenda."